Ingieni Darasani: Mhadhara kwa Watafiti wa Elimu Jumuishi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, walimu mliotoka vituoni, na ninyi mnaosoma shahada ya uzamili: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Sitaanza na Azimio la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, yaani mtoto mwenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzake, wala Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, wala Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Hayo yamo katika sura ya kwanza ya kila tasnifu, na humu ndani hakuna anayeyabishia. Mimi nataka sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, maana hapo ndipo tunapowapoteza watoto.

Nimesoma tasnifu nyingi mno kuhusu "mtazamo wa walimu juu ya elimu jumuishi". Wilaya inabadilika, dodoso ni lile lile. Mwalimu anaulizwa kama anakubali sana, anakubali, hana hakika au hakubali. Anakubali. Kisha sura ya tano inapendekeza semina na vifaa. Jamani, hayo tuliyajua kabla hujakata tiketi ya basi! Tusilolijua ni kwamba mtoto asiyeona, au kiziwi, au mwenye ulemavu wa akili, aliyekaa kipindi kizima cha hisabati, ametoka na nini.

Niwasimulie kipindi kimoja. Waliokwisha kunisikia nikikisimulia wanivumilie. Nitaendelea kukisimulia kwa sababu bado kinafundishwa hivyo hivyo.

Ni shule ya msingi, jina lake tuliache. Darasa la Tano, somo ni kujumlisha sehemu. Mbele kulia ameketi mvulana asiyeona, na mezani kwake ipo mashine ya kuandikia nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, nzima kabisa. Mwalimu ni hodari, ana sauti, anapenda kazi yake. Anaandika ubaoni theluthi mbili, alama ya kujumlisha, robo moja. Haisomi. Anageuka: "Haya, tunatafuta namba ambayo hii inaingia na hii pia inaingia. Mnaiona?" Darasa zima: "Ndiyooo!" "Tunaiandika hapa chini. Sasa hii inaingia humu mara ngapi?" "Nneee!" "Nne mara hii?" "Naneee!" "Na hii je?" "Tatuuu!" Chaki inakimbia, mikono iko juu, darasa limechangamka.

Yule mvulana vidole vyake viko juu ya vitufe vya mashine. Anasubiri namba. Anasikia nne, anasikia nane, anasikia tatu, lakini za nini, hajui. Jirani yake, mtoto mwenye huruma, anainama na kumnong'oneza, "kumi na mbili". Akabonyeza. Kengele ilipolia nilimwomba anisomee karatasi yake. Akapitisha kidole: tarehe; Hisabati; kumi na mbili. Basi.

Sasa mpelekee mwalimu yule dodoso. Atakubali sana, na atakuwa mkweli, kwa sababu anampenda yule mtoto. Nenda ofisini ukahesabu: mtoto ameandikishwa, yupo, mahudhurio mazuri, mashine ipo, mwalimu amehudhuria mafunzo. Kila kisanduku kina tiki. Ripoti yako itasema shule hii ni ya mfano, wakati mtoto ametoka na kumi na mbili.

Najua mtaniambia darasa lina watoto tisini, mwalimu afanye nini zaidi? Sijamwomba afanye zaidi. Nimemwomba asome anachokiandika. "Theluthi mbili jumlisha robo. Namba ya chini ya pamoja ni kumi na mbili." Hakuna bajeti inayohitajika hapo. Na katika hao tisini, wale wa dawati la mwisho ambao ubao wanauona kama ukungu, nao wangepata kitu.

Mwingine atasema mwalimu akimwona mgeni nyuma ya darasa anajirekebisha, kwa hiyo data si za kweli. Ndugu yangu, siku ile alijirekebisha! Alinyoosha shati, alileta zana, alimtaja yule mvulana kwa jina mara mbili. Na bado alisema "hii na hii", kwa kuwa hajisikii anapoisema. Jambo ambalo mtu hajisikii akilifanya dodoso litalipataje? Kaa wiki nzima. Kila baada ya dakika mbili andika mtoto anafanya nini na ameelekezwa na nani. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana watu wanakimbilia dodoso.

Wapo pia wanaosema asiyeona hisabati haiwezi hata afundishweje. Mwaka 1711 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa uprofesa wa hisabati Nicholas Saunderson, aliyepofuka kwa ndui akiwa mtoto mchanga. Kiti hicho hicho alikuwa amekikalia Isaac Newton. Naomba hoja hiyo isirudi tena katika ukumbi huu.

Niwape mfano wa utafiti ninaoupenda, na ni wa hapa hapa kwetu. Katika shule 37 za sekondari Dar es Salaam, wanafunzi karibu 7,000 wa Kidato cha Kwanza walipimwa macho. Wenye kuhitaji miwani kundi moja walipewa bure, kundi jingine wakapewa cheti cha kwenda kununua. Matokeo yalichapishwa 2008. Baada ya miezi mitatu watafiti walirudi shuleni kuangalia nani amevaa miwani au anayo pale shuleni. Waliopewa cheti: 26 kwa kila 100. Waliopewa bure: 47 kwa kila 100. Kwa hiyo kutoa bure kunasaidia, tena sana. Lakini hata hapo zaidi ya nusu hawakuwa nayo! Orodha ya ugawaji ingekuonyesha kila mmoja amepata, mradi umefanikiwa, mfadhili anapewa picha. Waliojua ukweli ni wale waliorudi kuchungulia madawatini.

Halafu kuna ugomvi wetu wa kudumu: shule maalumu au darasa la kawaida? Nina Dalgaard na wenzake wa Denmark walikusanya tafiti zilizolinganisha hizo mbili, wakatoa ripoti 2022: kwa wastani, kumweka mtoto mwenye mahitaji maalumu katika darasa la kawaida hakukuongeza wala hakukupunguza alichojifunza. Wapinzani wa elimu jumuishi wasishangilie, na watetezi wake, mimi nikiwemo, tusinune. Haki ya mtoto kusoma na wenzake haisubiri ruhusa ya wastani. Lakini mtafiti anayeishia kuandika mtoto yuko chumba gani hajaanza kazi.

Uingereza walidhani dawa ni mwalimu msaidizi wa kukaa na mtoto. Peter Blatchford na wenzake wakafuatilia kwa miaka, wakakuta kwamba wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa hali ile ile. Walirekodi mazungumzo ya darasani na kuona msaidizi amegeuka kuwa ndiye mwalimu wa mtoto, na mwalimu mwenyewe amemwacha. Tunapoomba wasaidizi, tuombe tukijua hilo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Viziwi nilitaka niwape nusu saa nzima, sasa ni dakika: mtoto kiziwi akiwekwa katika darasa ambalo hakuna hata mtu mmoja anayejua Lugha ya Alama, huyo hajajumuishwa, amefungiwa ndani ya kundi. Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja Lugha ya Alama ya Kenya. Sisi tunajadili wakalimani wa taarifa ya habari huku darasani hakuna mkalimani. Usonji na ulemavu wa akili, naona sitafika.

Nimalizie na hili kwa wanaotafuta msimamizi mwaka huu. Pendekezo la utafiti litakaloletwa kwangu liwe na ratiba ya vipindi utakavyokaa, somo gani, dawati la nani, na kipimo cha alichokijua mtoto kabla ya kipindi na baada yake. Kama mtoto anasoma nukta nundu, kipimo kiwe cha nukta nundu, na wewe uwe umejifunza kuisoma. Dodoso la walimu likiwepo, liwe kiambatisho. Milango ya ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi mchana.