Umejifundisha Kupiga Picha Mwenyewe? Safari na Wateja Watakupima Hapa

Habari zenu huko nyumbani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Leo hakuna kuzunguka mjini wala kuonyeshana maduka, leo tunakaa mezani na kamera. Meseji zenu zinarudi kwenye swali lilelile: mtu amejifundisha kupiga picha mwenyewe, anataka kusafiri, anataka wateja wa kujitegemea, aanze na nini?

Nianze na ambalo video nyingi za mafunzo hazilisemi. Aliyejifundisha mwenyewe mara nyingi hajapungukiwa nadharia. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) anaijua, shata (muda wa kuruhusu mwanga) anaijua, tundu la lenzi (zile namba za f/) analijua. Shida ni kwamba yote ameyajulia kwenye mwanga wa aina moja, wa pale alipozoea. Akihama, mazoea yanamwangusha. Na mteja hakulipi kwa picha moja iliyobahatika, anakulipa kwa uhakika kwamba Jumamosi atapata picha zake sitini hata mvua ikinyesha. Kwa hiyo leo nazungumzia vile vitu vinavyobadilika ukivuka mpaka, halafu tumalizie na karatasi za kazi.

Tuanze na jua. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Likiwa nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, umebakiwa na dakika kama 24 za ule mwanga wa dhahabu, na likishazama una nyingine kama hizo kabla giza halijashika. Ndiyo maana mpiga picha aliyekulia ukanda huo anajua kukimbizana na jioni, na saa sita mchana anajua kujificha kivulini, kwa sababu jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi.

Sasa mpeleke London mwezi Desemba. Jua la saa sita mchana liko kama nyuzi 15 tu. Kutwa nzima mwanga unakuja kutoka ubavuni, vivuli virefu, uso unapata umbo wakati ambao kwenu ungeifunga kamera. Ila mchana wenyewe una urefu wa kama masaa manane tu. Mwezi Juni mambo yanageuka: jua likizama unabaki na dakika karibu 50 za mwanga wa buluu, unaweza kupiga watu wawili watatu bila haraka.

Kwa hiyo kabla ya safari, acha kwanza kutafuta sehemu nzuri za kupigia. Tafuta jua litakuwa nyuzi ngapi tarehe hiyo, saa hiyo. Programu za bure zipo nyingi. Chini ya nyuzi 10, mweke mtu jua likiwa ubavuni kwake, na usiisahau hudi ya lenzi, kile kikingio cha mbele yake, maana jua la chini linaingia kwenye kioo na kuichapia picha weupe. Zaidi ya nyuzi 50, tafuta kivuli chenye sakafu au ukuta wa rangi nyepesi mbele yake, huo ndio utakaorudisha mwanga machoni. Kama kipimo cha kamera kinakuchanganya, kumbuka kanuni ya zamani: jua kali, f/16, na shata ni 1 gawanya kwa ISO. ISO 100, shata 1/100, basi. Ukifungua hadi f/8 umeongeza mwanga mara nne, kwa hiyo shata inapanda hadi 1/400.

Zoezi la kufanya hata leo, bila safari. Mkalishe mtu karibu na dirisha moja. Kamera kwenye manual, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, f/4, 1/125, ISO irekebishe mara moja tu kisha usiiguse. Mgeuze nyuzi 45, piga. Mgeuze tena, piga. Hadi amalize mzunguko, fremu nane. Zitazame zote pamoja kwenye skrini kubwa, na uangalie kivuli cha pua tu. Kinapoelekea mdomoni, kinapopotea, kinapokata shavu. Ukikisoma kivuli hicho, ukiingia chumba chochote duniani utajua mtu akae wapi.

Haya, kuna kitu ambacho watu hawakitegemei kabisa: umeme. Angalieni ukuta huu nyuma yangu. Video hii naipiga kwa shata 1/50, ukuta umetulia. Napandisha hadi 1/1000... mnaiona mistari myeusi inapanda? Taa haijaharibika. Umeme wa hapa ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED na za tyubu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya haraka inanasa kipande tu cha mpepeso. Shata ya kielektroniki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaisoma picha mstari kwa mstari. Dawa yake: penye hezi 50 piga kwa 1/50 au 1/100. Marekani umeme ni hezi 60, hapo tumia 1/60 au 1/125. Japani ndiyo kiboko, Tokyo ni 50 na Osaka ni 60, nchi moja! Mtu amezoea 1/100 ukumbini, anasafiri, picha za mkutano mzima zinatoka nusu njano nusu kijivu, na huwezi kuzirekebisha moja moja ukamaliza.

Ngozi sasa. Kipimo cha kamera hakijui kinatazama nini, kinataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe: kamera inaliogopa gauni, inapunguza mwanga, uso unazama. Ukija kuuinua kwenye kuediti, chenga tupu kwenye vivuli. Kwenye theluji ni hivyohivyo, theluji inatoka kijivu na watu wanatoka masizi, ongeza stopu moja hadi mbili (stopu moja ni mwanga mara mbili). Na kinyume chake: uso mweusi ukijaza fremu, kamera inaongeza mwanga kupita kiasi, ngozi inapauka. Weka kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu, kielekeze shavuni, na kwa ngozi nyeusi sana punguza kama stopu moja kutoka pale kinaposema katikati. (Kodak waliwahi kusambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi za Shirley, ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha wote. Kwa hiyo msidhani tatizo ni nyinyi.) Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, badala ya JPEG ya kawaida. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa uso.

Baridi. Betri iliyokuwa ikimaliza siku inaweza kuzima kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Lakini kinachoua kamera ni kuingia ndani. Ukitoka barafuni ukaingia chumba chenye joto, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye lenzi na pengine ndani yake. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, utoe hewa, uingie nayo hivyohivyo, uiache hadi ifikie joto la chumba. Memori kadi itoe kabla ya kuifunga, maana mteja akizitaka picha utalazimika kuufungua mfuko mapema. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani, utaratibu ni uleule.

Uwanja wa ndege nitapita haraka. Betri za akiba haziingii kwenye begi la kukabidhi, zinapanda na wewe. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Soma hapa chini ya betri hii: volti 7.2, mAh 2000. mAh 2000 ni Ah 2, kwa hiyo zidisha 7.2 kwa 2, ni wati-saa 14.4, uko salama. Powabanki ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, salama pia. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Funika ncha kwa utepe.

Kingine ni faili, na hapa ndipo riziki inapopotea. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Safarini maana yake kadi yenyewe, diski ndogo ya SSD, na ya tatu mtandaoni au begi la mwenzako. Kadi usiifute hadi umefungua picha kadhaa kutoka kwenye diski na kuzikuza, kwa sababu faili linaweza kuonekana lipo kumbe ni bovu. Na ukiifuta, iformati ndani ya kamera, usiiformatie kwenye kompyuta. Ukiwa na kamera mbili, saa zake zilandane na ziwe za nchi uliyopo, la sivyo kwenye mpangilio wa picha keki itakatwa kabla ya wageni kuingia.

Sheria, sikilizeni vizuri. Visa ya utalii katika nchi nyingi haikupi ruhusa ya kupiga kazi ya kulipwa. Uingereza, mwenye visa ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, hata harusi moja ya mwishoni mwa wiki. Msiniambie "wote wanafanya". Halafu kuna haki za vitu unavyovipiga. Mnara wa Eiffel mchana piga uuze, lakini taa zake za usiku, zilizoundwa mwaka 1985, ni kazi inayodaiwa haki. Kuitumia picha hiyo kibiashara kunahitaji kibali. Na mtu anayetambulika kwenye tangazo anahitaji hati ya idhini yenye sahihi yake, tena ipatikane siku hiyohiyo ya kupiga. Ukishaondoka nchini hutampata tena.

Mnaouliza kama inawezekana bila shule: Gordon Parks alijifundisha kwa kamera aliyoinunua kwenye duka la rehani, na mwaka 1948 akawa mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life. Shule si kizuizi. Kizuizi mara nyingi ni bei na mkataba.

Bei haitoki kwenye kutazama wengine wanatoza nini. Jumlisha gharama zako za mwaka: kuchakaa kwa vifaa, bima, programu, nauli, kodi. Ongeza unachotaka kujilipa. Gawanya kwa siku utakazolipwa, na hapa kuwa mkweli, siku moja ya kupiga inakula siku moja au mbili za kuchagua, kuediti na kujibu meseji. Ukihitaji 12,000 za sarafu yoyote kwa mwaka na una siku 80 za kulipwa, siku moja ni 150. Ukitoza 90 unalipia kazi ya mteja kutoka mfukoni mwako, hata kama unajiona uko bize.

Mkataba hauhitaji kurasa kumi. Tarehe, saa ngapi hadi saa ngapi, idadi ya picha zilizoeditiwa, siku za kukabidhi, marekebisho mara moja tu, kianzio cha nusu kabla ya kuiweka tarehe kwenye kalenda, salio kabla ya faili kubwa kutoka, na nini kinatokea akiahirisha. Kipengele ambacho wengi wanakiruka ni matumizi: picha zitakwenda wapi, kwa muda gani, na kama wewe bado unaweza kuzitumia. Chini ya Mkataba wa Berne hakimiliki haihitaji usajili, na katika nchi nyingi mpiga picha wa kujitegemea ndiye mwenye haki hiyo hadi asaini vinginevyo. "Haki zote, milele, popote" ni mambo matatu yenye bei yake. Yakiwa kwenye mkataba, bei ipande, au yafutwe.

Wakati wa kukabidhi, tuma JPEG za sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu nyingi zinausoma, la sivyo rangi zitapooza kwenye simu ya mteja. Jina lako na maelezo ya picha yaandikwe ndani ya faili: nani, nini, wapi, lini. Na mteja akiomba RAW zote, hilo ni ombi la kawaida, wala usikasirike. Mwambie hazimo kwenye mkataba, na kama anazitaka kweli, mtajie bei yake.