"Umewalipa Wazungu Wakufundishe Kupiga Kafi?" Haya, Leo Nawajibu

Asalaam aleikum jamani. Leo sina muziki wa kufungulia. Nimekaa barazani kwa bibi, Langoni, mtaa wa hapa Amu, yaani Lamu, na huyo mnayemsikia ni punda wa jirani, mvumilieni. Nilikuja likizo kutoka Uingereza nikidhani nitapumzika kutokana na lile swali mnaloniandikia kila siku tangu niweke ile video ya tamasha la kayaki, kumbe limenitangulia gatini. Hata kijana aliyenibebea begi kaniuliza: "Dada, ni kweli uliwalipa Wazungu wakufundishe kupiga kafi? Mtoto wa Amu?"

Ndiyo, nililipa. Pauni 180 kwa tamasha la wikendi moja pwani ya Wales, karibu shilingi 30,000 zetu, na hapo sijatia nauli ya treni wala chakula. Kabla hujaandika kwamba najigamba, jua pesa hizo zimetoka kwenye zamu za usiku za kulea wazee wa watu. Na kabla hujaandika kwamba nalalamika, bado. Nitalalamika huko mbele, nikifika nitawaambia.

Kayaki yenyewe mnaijua, kile kimtumbwi chembamba unachokaa ndani ukapiga kafi. Wengi mlipoiona ile video mlidhani ni mashindano. Hayakuwa mashindano. Watu wale wote waliosimama majini hadi kiunoni walikuwa wanamtazama mtu akijipindua kwa makusudi. Maonyesho karibu yote yalikuwa ya kupinduka: utajigeuzaje bila kutoka chomboni, na mwenzako akitoka utamrudishaje. Mwalimu anakamata kayaki iliyopinduka, anaipandisha pua juu ya ya kwake, maji yanamwagika, anaigeuza na kuishikilia ubavuni, na yule aliyeanguka anajivuta kwa tumbo mpaka ndani. Inakwisha upesi kuliko ninavyoisimulia. Hakuna aliyenifundisha kwenda. Nilifundishwa kuanguka.

Jioni ni mihadhara hemani. Mmoja ulikuwa wa baridi: maji yakiwa chini ya nyuzi 15, mwili unashtuka na kuvuta pumzi bila hiari yako, na ukiivuta kichwa kikiwa chini, basi. Hesabu yao ni dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono kukutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Sisi baridi hiyo hatuna, alhamdulillahi. Lakini lile la kulala chali kwanza, uelee, pumzi ikae sawa ndipo ufikirie la kufanya badala ya kutapatapa, hilo hata hapa mbele ya gati linafaa.

Mwingine alizungumzia kayaki za wawindaji wa Greenland. Ngozi ya sili juu ya fremu ya mbao, imeshonwa, na chombo kinapimwa kwa mwili wa mwenyewe: pima za mikono kwa urefu, nyonga na ngumi kwa upana. Nikawakumbuka mafundi wetu wa vyombo kule Matondoni, na mitepe, yale majahazi ya zamani yaliyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari. Kisha akasema wengi wa wawindaji wale hawakujua kuogelea. Maji yale hayaogeleki. Ndiyo maana walijifunza kujigeuza chomboni, na mitindo ya kujigeuza ikawa mingi, leo inapita 30.

Hapo nilitoka nje kidogo. Kwa sababu mimi, huyo mtoto wa Amu mnayemsema, niliondoka hapa sijui kuogelea. Kaka zangu walikuwa wakiruka gatini maji ya bamvua yakija, na ami akiwapeleka mpaka Mkanda, ile njia nyembamba ya bahari. Mimi nilizishika nguo zao. Mnaniandikia kwamba bahari iko kwenye damu. Kwangu haikuwamo, na hakuna aliyejali kuitia. Kuogelea nimejifunzia bwawani kule kule Uingereza, kwa pesa, pamoja na watoto wa miaka sita. Na wale wa "dada, umevaa nini": lile vazi la kuzuia maji linaziba shingoni na kwenye vifundo vya mikono, limenisitiri kuliko baibui. Ni mtumba, pauni 150. Jipya linapita 500.

Sasa malalamiko. Kulikuwa na mhadhara wa maji kujaa na kupwa. Kimo cha maji kutoka kupwa mpaka kujaa wanakigawa mafungu 12 kwa saa sita: saa ya kwanza yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, halafu 2, halafu 1. Yaani saa za katikati ndizo mkondo unakuwa mkali. Ami anaijua hiyo bila kalamu, anakwambia Mkanda utapitika saa ngapi na utakwama saa ngapi. Nikawaeleza waandaaji, wakafurahi, wakaandika barua ya mwaliko aje kuzungumza. Tukalipa viza, zaidi ya pauni 100. Watu wa viza wakataka taarifa za benki. Ami hana benki, ana samaki. Akakataliwa, eti huenda asirudi, na ada hairudishwi. Mzee ambaye Mombasa yenyewe akifika anaulizia basi la kurudi!

Na mimi nikitaka kufundisha, cheti cha huduma ya kwanza kinaisha baada ya miaka 3, kuna cheti cha polisi, kuna uanachama, kila karatasi ina bei yake. Chama chao cha wapiga kafi, Paddle UK, ambacho mpaka 2024 kikiitwa British Canoeing, ukijiunga unapata na leseni ya mito na mifereji mingi. Baharini hulipi. Mtoni ndiko unakolipa, sijui mito imewakosea nini.

Lakini huyu ni mimi. Wewe mwenye kaka wa kukufundisha bure, usitoe hata shilingi. Wasichana mnaoniandikia faraghani, nipo mpaka mwisho wa mwezi. Maji yakijaa nitawaonyesha kulala chali na kupanda chomboni kwa tumbo, kwa mtumbwi wa ami, bila malipo. Njoo na nguo za kulowa na ruhusa ya mama yako, sitaki kesi. Barua za mwaliko siandikii mtu tena, msiniombe.