Taya, shingo na kiuno: mhadhara kwa walimu na wanakwaya, Iringa

Kamwene! Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni. Naona mmejikunyata ndani ya makoti, na mimi pia. Iringa ya mwezi wa saba haina utani. Kabla sijaendelea, kila mmoja ajikague: meno yako ya juu na ya chini yanagusana sasa hivi? Msijibu, nyanyueni mikono tu. Haya, nimeona. Shusheni.

Meno hayana sababu ya kugusana mtu akiwa amekaa kimya. Midomo imefungwa, meno yameachana kidogo, ulimi umetulia juu, nyuma ya meno ya mbele. Hapo ndipo misuli ya taya inapumzika. Ukijumlisha muda wote ambao meno hugusana kwa siku nzima, kutafuna na kumeza vyote ndani, kwa kawaida hata saa moja haufiki. Sasa mwalimu anayebana meno tangu kipindi cha kwanza mpaka kengele ya kutokea, au mtu anayebana kwa sababu ya baridi tu, anaifanyisha misuli ile kazi ambayo haikuumbiwa.

Wekeni vidole viwili kwenye shavu, karibu na kona ya taya. Baneni meno. Kuna kitu kimetuna chini ya kidole? Huo ni msuli wa maseta. Pandisheni vidole kwenye panja, baneni tena. Huo ni temporali, umetanda ubavuni mwa kichwa mpaka juu ya sikio. Kuna misuli mingine miwili kila upande, ila imejificha ndani, hata sisi wataalamu kuifikia kwa kidole ni kubahatisha.

Nikipima mgonjwa, nabonyeza maseta na temporali kwa uzito wa kama kilo 1, kwa sekunde 2. Mkitaka kujua kilo 1 ya kidole ikoje, nendeni kwenye mizani ya duka, bonyezeni mpaka isome 1. Wengi hushangaa kuwa si nguvu nyingi. Halafu nabonyeza tena, nashikilia sekunde 5, na hapo ndipo mambo huanza kuwa matamu kwa daktari na machungu kwa mgonjwa. Nimebonyeza shavu, yeye anashika sikio. Nimebonyeza panja, anasema, "Daktari, hicho hicho ndicho kichwa changu cha kila siku." Vigezo vya kimataifa vya kutambua maradhi ya taya, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinatambua kabisa aina hiyo ya maumivu ya kichwa: yanayotokana na taya, na yanayoamka ukibonyeza msuli wa panja au mgonjwa akichezesha taya.

Inakuwaje ubonyeze hapa paume pale? Fikirieni stendi ya Makambako, mji wa njia panda. Gari za Songea na Njombe zinaingia, za Mbeya zinaingia, za Iringa zinaingia. Abiria wakishashuka na kuchanganyikana, ukimshika mmoja huwezi kujua katoka wapi. Neva ya tano ya kichwa inabeba habari za meno, mashavu, taya na panja. Neva tatu za juu za shingo zinabeba habari za kisogo na shingo. Zote zinaishia sehemu moja, pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo, na zinakabidhi habari kwa seli zile zile. Ubongo unapokea taarifa kwamba kuna maumivu, kisha unakisia yametoka wapi. Mara nyingi unapatia. Mara nyingine unakosea, na mtu anang'olewa jino zima.

Hili la jino naomba nikae nalo kidogo. Nilimpokea mama mmoja, mfanyabiashara wa vitunguu, hana magego mawili ya upande wa kulia. La kwanza aling'olewa kwa sababu lilikuwa linauma. Maumivu hayakuondoka, akang'olewa la jirani. Alipofika kwangu alikuwa anaomba la tatu. Nikamwambia afungue mdomo, aingize vidole vyake vitatu vilivyosimama kimoja juu ya kingine. Viliingia viwili, cha tatu kikagoma. Nikabonyeza maseta, machozi yakamtoka, akaonyesha kwa kidole hasa pale lilipokuwa jino la kwanza. Hapakuwa na jino! Katikati alishameza mseto, dawa ya malaria, kwa ajili ya kichwa, mara kadhaa, bila kupimwa, na huku nyanda za juu malaria ni kidogo kuliko pwani. Na diklofenaki alikuwa anakula karibu kila siku. Mjue kwamba dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe zinaweza kuzalisha kichwa cha kudumu. Figo na tumbo sijazigusa.

Ila nilipomuuliza mengine, alinihesabia: shingo, kiuno, tumbo linalojaa na kukata bila sababu inayoonekana, usingizi wa mang'amung'amu. Hapa ndipo watu wanagawanyika, na mimi nitasema upande wangu.

Wapo wanaosema taya ndiyo chanzo. Rekebisha namna meno yanavyokutana, kiuno kitapona, mgongo utanyooka. Wazo hilo lina ukoo mrefu. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kwamba maumivu ya sikio, mvumo na kizunguzungu vinatokana na taya kurudi nyuma kwa sababu magego yametoka. Maelezo yake ya kianatomia hayakusimama, lakini yaliacha nyuma yake miongo ya watu kusagwa meno ili "yakutane vizuri".

Kisha kukafanyika utafiti mkubwa huko huko Marekani, unaitwa OPPERA. Walichukua watu ambao taya haziwaumi, wakawafuatilia kwa miaka kuona nani ataanza kuumwa. Waliofuatiliwa ni zaidi ya 2,700, na walioanza kuumwa taya ni 260. Kilichobashiri vizuri hakikuwa mpangilio wa meno. Walioelekea zaidi kuumwa taya ni wale ambao tayari walikuwa na maumivu mengine, kichwa, kiuno, tumbo, pamoja na usingizi mbovu na dalili ndogondogo nyingi za mwili. Yaani kwa wengi kiuno kilitangulia, taya ikafuata.

Kwa hiyo daktari akikuambia atatibu kiuno chako kwa kukusaga meno, mshukuru, chukua mkoba wako, ondoka. Wala simaanishi maumivu hayo ni ya kufikirika. Mfumo wa fahamu ukishapigwa na maumivu muda mrefu, unaongeza sauti wenyewe. Mguso wa kawaida unakuwa kero, na maumivu yanaenea mbali na yalipoanzia. Ndiyo maana kipandauso, tumbo sugu, maumivu ya mwili mzima na taya hukutwa kwa mtu mmoja, na wanawake wanaathirika zaidi. Yule mama hakuwa "na presha ya maisha tu", kama alivyokuwa ameambiwa.

Matibabu yake yalikuwa ya kawaida mno, mpaka mwanzoni alidhani namfukuza. Kitambaa cha maji ya moto shavuni, dakika kumi na tano hivi, jioni. Miwa, mahindi ya kuchoma na makande magumu kando kwa wiki chache. Viazi, ndizi na uji ruksa. Kufungua mdomo taratibu ulimi ukiwa umegusa juu, mara chache kwa siku. Bazoka marufuku. Akipiga miayo, aweke ngumi chini ya kidevu. Dawa za maumivu tulizipunguza kwa mpango. Shingo alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na usingizi tuliushughulikia kama ugonjwa, kwa sababu ni ugonjwa. Meno hatukuyagusa.

Wanakwaya, najua mnasubiri. Kuimba hakuharibu taya. Kinachoumiza ni mazoezi ya saa nyingi kabla ya tamasha huku mtu anasukuma sauti ya juu kwa kidevu. Teremsheni taya, acheni kuisukuma mbele, na mapumziko yawe mapumziko, siyo kupiga soga kwa kelele.

Na kuna maumivu ya taya yasiyosubiri kitambaa cha moto. Taya inayouma ukipanda mlima na kuacha ukipumzika, hasa kifua kikibana, huo unaweza kuwa moyo. Taya iliyokaza yenyewe baada ya kidonda, fikirieni pepopunda. Uvimbe wenye homa, au mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye kichwa kipya panjani na macho yanayofifia: hospitali, siku hiyo hiyo.

Maswali. Dada pale nyuma? ... Anauliza, mtoto wake wa miaka sita anasaga meno usiku, bibi yake anasema ni minyoo. Shikamoo yangu mfikishie bibi. Kusaga meno usingizini kwa watoto ni jambo la kawaida sana, na wengi huacha wanavyokua. Ushahidi wa kuunganisha na minyoo ni dhaifu. Ila dawa ya minyoo shuleni wakigawa, mtoto ameze, kwa ajili ya tumbo lake. Kama anakoroma au anapumua kwa mdomo usiku kucha, hilo ndilo la kumleta nalo kliniki, tumwangalie koo na pua.