Wanawake Hawajaikataa, Tumeikataa Sisi: Mhadhara kwa Watoa Huduma za Uzazi wa Mpango

Ndugu wauguzi, wakunga na matabibu, habari za mchana. Takwimu za VVU za mkoa wenu mnazo, sitazirudia. Nimekuja na jambo lile lile ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema mpaka mkachoka: kondomu ya kike, kile kifuko laini chenye pete mbili kinachovaliwa ukeni, haikukataliwa na wanawake. Tumeikataa sisi, mle mle chumba cha uzazi wa mpango, kabla mwanamke hajaishika.

Nikiwa kwenye usimamizi elekezi, yaani kukagua na kuelekeza watoa huduma, katika kituo kimoja cha afya, aliingia mama ambaye mumewe ni dereva wa malori. Sindano haitaki tena, imemvuruga hedhi. Anataka kinga ya mimba na ya maradhi pia, na mumewe kondomu havai. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nesi, ile ya wanawake mnayo?" Nesi akatazamana na mwenzake, wakacheka. "Mama, lile lifuko utaliweza wewe?" Akamwonyesha picha ukutani kwa ncha ya kalamu, basi. Mama akainamisha macho. Akafungiwa za kiume, akaambiwa ambembeleze baba. Kwenye rejista pakaandikwa kuwa mteja amechagua kondomu ya kiume. Za kike zilikuwa stoo, chumba cha pili tu, makasha hayajafunguliwa.

Amechagua nini yule mama? Alitaja anachokitaka kwa mdomo wake! Lakini robo mwaka ikiisha, taarifa itapanda wilayani kwamba mahitaji hayapo, oda itapunguzwa, na mwakani mtaniambia wanawake hawaitaki.

Zimbabwe, mwaka 1996, wanawake walikusanya saini zaidi ya 30,000 kuidai kondomu hii. Mwaka 1997 ikazinduliwa, na baadaye wasusi wa saluni wakafundishwa kuieleza na kuiuza. Msusi anasuka, huku anaeleza pete ya ndani na pete ya nje bila kupepesa macho. Sisi tunaozalisha usiku na mchana, tunaoweka vitanzi, ndio tushikwe na haya?

Najua kuna atakayesema ina kelele. Ile ya zamani, ya plastiki iitwayo poliyurethani, kweli ilikuwa ikichakarika. Ya nitraili ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, na nitraili ndiyo hiyo ya glavu za bluu mnazovaa kila siku. Mwingine atasema haina ufanisi. Haya, tuseme ukweli: kwa matumizi ya kawaida, wanawake kama 21 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Wakiitumia sawasawa kila mara, ni 5. Hapo kati ya 21 na 5 ndipo ilipo kazi yetu, maana mtu aliyeonyeshwa picha kwa kalamu ataitumiaje sawasawa?

Na kumfundisha hakuchukui asubuhi nzima. Minya pete ya ndani kwa kidole gumba na cha kati mpaka pande zake zigusane, iingize, kisha isukume kwa kidole cha shahada mpaka ipite mfupa wa kinena. Pete ya nje ibaki nje. Mara ya kwanza itamteleza. Mwambie mapema kwamba itateleza, na aijaribu kwanza akiwa peke yake, asiye na haraka. Anaweza kuivaa hata muda wa saa 8 kabla ya tendo, kwa hiyo mume akirudi usiku amelewa, hapana la kubishania. Asiitumie pamoja na ya kiume, zitasuguana. Akimaliza, aizungushe pete ya nje kabla hajasimama, aitoe, aitupe kwenye taka, si chooni.

Bei ni kweli, ni ghali kuliko ya kiume, na hilo tuwaachie wizara na wafadhili. Wanaume nilitaka niwaseme kwa kirefu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme tu kwamba wapo wanaoipenda kwa sababu haibani, na hilo pia mwambieni mteja, hatulisemi kabisa.

Sasa, kila meza ina pakiti na modeli ya nyonga. Hakuna anayekwenda kunywa chai kabla hajafungua moja na kuiweka kwa mkono wake, na matabibu wanaume mlioko nyuma, sogeeni mbele mwanze nyinyi.