Mlenda wa Baharini

Mbukwenyi! Shikamooni wazee, na ninyi wanangu mliokaa sakafuni, habari za jioni.

Mmeniita nizungumze mambo ya bahari hapa Dodoma, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Kwa hiyo naanzia jikoni. Nani hapa hajapika mlenda? (Kicheko.) Unachukua unga mkavu wa mlenda, kiasi cha vidole vitatu, unautia kwenye maji yanayochemka, na punde sufuria nzima inavutika. Unga ni uleule kidogo. Kilichojaa mle ni maji, yamekamatwa na nyuzi ndefu za sukari ambazo jicho halizioni. Shikeni hilo.

Sasa, watu wa pwani wana mnyama wanamwita kiti cha pweza. Ninyi mmemsoma kama nyota wa bahari. Yuko mmoja wa jamii hiyo, Pteraster tesselatus, ambaye Tanga wala Mtwara hamtampata. Kwao ni Pasifiki ya Kaskazini, kwenye maji baridi ya Alaska na pwani ya magharibi ya Marekani. Ni mnene, mikono mifupi, kama andazi lililotolewa pembe tano. Mbio hana. Na wanaomwinda ni nyota wenzake: Solaster dawsoni, ambaye chakula chake ni nyota wengine, na Pycnopodia, mwenye mikono inayofika 20 na zaidi, tena mwepesi kuliko jamaa zake wengi.

Hao wakimgusa tu, anamwaga ute. Ute mzito, mwingi, ukimwinua unaning'inia mkononi kama mlenda uliokolea. Mwaka 1979 watafiti wawili, Nance na Braithwaite, walichapisha utafiti wao kuhusu kazi ya ute huu, nao walionyesha kwamba mshambulizi akikutana nao humwachia. Na si utelezi peke yake, una sumu: wanyama wadogo wa bahari wakikaa ndani yake kwa muda hufa.

Mimi kinachonifurahisha ni hesabu yake. Mwili unatoa malighafi kidogo, protini zilizobeba sukari. Maji anayapata baharini. Ana silaha ambayo sehemu yake kubwa haibebi.

Kijana wa kule nyuma anauliza, "Mwalimu, yeye mwenyewe hazibwi pumzi?" Umeniwahi. Juu ya mgongo wake kuna ngozi ya pili, imetandwa kama turubai juu ya vinguzo vidogo, na ute hutoka kwenye turubai hilo. Chini yake kuna chumba. Maji huingilia upande wa chini, yanapita kwenye mgongo halisi unaopumua, yanatokea juu kwenye tundu moja katikati, linalofunguka na kufumba kama mdomo. Binamu yake, Pteraster militaris, chumba hicho hicho amekifanya cha kulelea watoto.

Mzee hapa anauliza kama mlenda huu wa baharini unaliwa. Hapana, mzee, hauliwi. Kwa mboga tubaki na ule wetu, na karanga juu.

Ila nisisahau mpangaji. Kuna mnyoo wa magamba, Arctonoe vittata, anaishi kwenye mwili wa nyota huyu, jirani kabisa na sumu yote ile, na hakuna anayemhamisha.