Kiti Kitupu Kinalipiwa na Nani?

Mhadhara kwa viongozi wa matawi ya wafanyakazi na vikundi vya akiba, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa matawi, watunza hazina wa vikundi, nanyi mliofika hapa moja kwa moja kutoka kazini bila kupita nyumbani, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie msaada wa fedha kwa wafanyakazi wanaojikusanya na kupanda gari moja kwenda kazini na kurudi. Sizungumzii daladala, wala gari la ofisi. Nazungumzia gari dogo la abiria, tuseme Hiace, lenye watu wanaokaa mtaa mmoja au mitaa jirani, wanaofanya kazi eneo moja, wanaogawana gharama, na dereva ni mmoja wao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipime nao: fedha ya msaada ifuate kiti kilichokaliwa. Isifuate gari, na isifuate cheo.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ni wa mwaka 1973, lakini watu walianza kuja kwa wingi baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba serikali inahama kweli. Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali pale Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, njia ya Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179 ndani ya jiji. Sasa tazameni nyumba za kupanga ambazo mtu wa kipato cha chini anazimudu ziko wapi. Nyingi ziko Nkuhungu, Kizota, Chang'ombe, Mkonze, yaani ng'ambo ya pili ya jiji. Mtu anaondoka gizani, analikata jiji zima, anaunga daladala mbili, na akishuka bado ana mwendo wa miguu.

Mtu huyo si mkurugenzi. Mkurugenzi ana gari na dereva, na mafuta yake yamo kwenye bajeti. Anayeteseka ni dada anayefanya usafi, anayetakiwa ofisi iwe imeshadekiwa saa moja na nusu watumishi wanapoanza kuingia. Ni mlinzi anayebadilishana zamu, mhudumu wa chai, fundi wa ujenzi. Hawa wanasafiri mbali kuliko wengi wetu na nauli wanajilipia wenyewe. Linaniuma kwamba kila tukijadili usafiri wa watumishi, mazungumzo huishia kwa wale ambao tayari wana namna ya kufika.

Vikundi vya kuchangiana mafuta tunavyo, tusijidanganye kwamba ni kitu kigeni. Kuna kundi la WhatsApp, kuna kituo cha kukutania, na kuna mtu anayepigiwa simu akichelewa dakika tano. Tatizo ni kwamba vinakufa, na vinakufa kwa namna ileile. Nimeshika madaftari ya vikundi vya namna hii. Safu ya kwanza ni majina, ya pili kiasi, ya tatu tarehe. Safu ya nne haina kichwa, ndiyo inayosema ukweli: "amesafiri", "likizo ya uzazi", "kahamishwa Singida", "atalipa mwezi ujao". Aliyekwenda safari ya kikazi wiki mbili anasema sikupanda, silipi. Kwa upande wake ana hoja. Lakini gari halikupunguza mafuta kwa sababu yeye hayupo.

Tupige hesabu, kwa takwimu za mfano tu. Tuchukulie gari linakwenda kilomita 50 kwa siku, kwenda na kurudi, na linakula lita 5. Lita tuiweke Sh 3,000. Hiyo ni Sh 15,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni Sh 330,000. Rejesho la mkopo wa gari au kodi yake, Sh 600,000 kwa mwezi. Bima, matairi na matengenezo, tutenge Sh 150,000. Jumla Sh 1,080,000. Dereva hachangii, kwa sababu anaamka kabla ya wote. Wakiwa wachangiaji 12, kila mmoja analipa Sh 90,000. Wakipungua wanne, wanaobaki wanalipa Sh 135,000 kila mmoja. Mwezi huohuo wengine wawili wataaga, na mwezi unaofuata hakuna kikundi. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana na mtu. Viti vinne vitupu vimetosha.

Sasa mwekeni pembeni mtu huyohuyo akipanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni. Tuseme Sh 3,000 kwa siku, yaani Sh 66,000 kwa mwezi. Tofauti yake na Sh 90,000 ni Sh 24,000. Kwa mwenye mshahara mkubwa hilo si jambo. Kwa mlinzi ni unga wa nyumbani. Atarudi kwenye daladala hata kama Hiace inamwokolea saa nzima ya usingizi. Hiyo Sh 24,000 ndiyo mahali pa kuweka ruzuku. Mwajiri, au mwajiri kwa kushirikiana na halmashauri, achangie kiasi hicho kwa kila aliyekaa kitini, kwa orodha ya mahudhurio ya mwezi. Kwa gari la wachangiaji 12 ni Sh 288,000. Linganisheni na mafuta na matengenezo ya gari moja la serikali linalobeba mtu mmoja.

Wenzetu wa Marekani wamelifanyia kazi jambo hili muda mrefu. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua kuhusu Dodoma, kampuni ya 3M ya St. Paul, jimbo la Minnesota, ilianza na magari sita. Barabara za kuingia kazini zilikuwa zimejaa na maegesho hayatoshi. Dereva alikuwa mfanyakazi mwenzao. Alisafiri bure, na jioni au wikendi aliruhusiwa kulitumia gari kwa kulipia umbali aliokwenda. Mwisho wa mwaka huo mafuta yakaadimika duniani, na waajiri wengine wakaiga haraka. Kaunti ya King, ambako ndiko uliko mji wa Seattle, ilianzisha mpango wa umma mwaka 1979 na upo hadi leo: mamlaka ya usafiri inatoa gari, bima na matengenezo, wanakikundi wanajitolea kuendesha na kutunza hesabu.

Kilichonivutia zaidi ni sheria yao ya kodi. Mwajiri anaweza kumlipia mfanyakazi gharama ya gari la pamoja bila fedha hiyo kukatwa kodi ya mapato, hadi kikomo cha mwezi. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 325. Lakini masharti yake ni makali. Gari liwe na nafasi ya watu wazima sita au zaidi mbali na dereva. Angalau asilimia 80 ya mwendo wake iwe ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha. Na katika safari hizo, angalau nusu ya viti vya abiria viwe na watu. Gari la bosi lenye kiti kimoja chenye mtu halipati kitu.

Kwetu hali ikoje? Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, posho ya usafiri ya mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, haihesabiwi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ya mfanyakazi wa sekta binafsi inahesabiwa. Chukueni mlinzi wa kampuni binafsi mwenye mshahara wa Sh 400,000, akapewa posho ya usafiri ya Sh 60,000. Yuko kwenye daraja la asilimia 8, kwa hiyo Sh 4,800 ya posho hiyo inakwenda kwenye kodi. Karani anayepita mbele yake kila asubuhi, kwenye geti lilelile, posho yake haiguswi. Sioni sababu ya tofauti hiyo. Msamaha uwafikie na hao, ukifungwa kwa sharti la kiti: fedha iwe imelipia nafasi kwenye gari la pamoja lililosajiliwa, lenye angalau nusu ya abiria wake.

Nimesema lililosajiliwa, na hapa ndipo wengi mnapoogopa. Gari lenye namba ya njano ni la binafsi. Likibeba watu kwa nauli bila leseni ya LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, askari akilisimamisha ana haki. La kutisha kuliko faini ni bima. Ikitokea ajali na ikabainika mlikuwa mnalipana nauli kwenye gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, madai yenu yanaweza kugonga ukuta. Kikundi kisichotafuta faida, kinachogawana gharama kwa daftari lililo wazi, kinastahili leseni nyepesi ya aina yake. Hiyo ni hoja ya kupeleka LATRA kwa maandishi, na makao makuu yao yapo hapahapa jijini. Msiache iishie kwenye WhatsApp.

Kuhusu mtaji wa gari sitakaa sana. SACCOS za kazini ndizo njia iliyo karibu zaidi kwa wenye mshahara. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kumsaidia kijana mwenye kikundi amiliki gari na kuwakodisha wafanyakazi. Lakini gari lisinunuliwe kabla ya majina kumi ya uhakika kupatikana.

Kuna gharama mbili ndogo ambazo vikundi vyetu havijawahi kuzitengea fedha. Ya kwanza ni kiti kitupu chenyewe. Baadhi ya mipango ya Marekani hulipia kwa miezi michache nafasi ya aliyeondoka, ili kikundi kitafute mwingine bila waliobaki kupandishiwa mchango. Kwetu, ambako barua ya uhamisho huja bila hodi, ningeiweka mbele kuliko hata ruzuku ya mafuta. Ya pili ni uhakika wa kurudi. Mama amepanda gari la kikundi, na saa tano anapigiwa simu kwamba mtoto ana homa shuleni. Gari haliondoki hadi saa tisa na nusu. Kama hana fedha ya bajaji, kesho hapandi tena Hiace, na tusimlaumu. Mwajiri atenge safari chache kwa mwaka kwa kila mwanakikundi, zilipwe kwa risiti, kwa dharura za kweli. Mipango ya wenzetu inayo huduma hiyo, nayo si ghali, kwa sababu wengi wakijua ipo hawaihitaji mara kwa mara.

Bajeti inasomwa Juni, na mapendekezo ya kodi hupelekwa Wizara ya Fedha mapema kuliko hapo. Kila tawi liandike ukurasa mmoja: watu wangapi, wanatoka wapi, wanalipa kiasi gani, viti vingapi vimekuwa vitupu mwaka huu na kwa nini. Hiyo safu ya nne ya daftari msiifute, iambatanisheni kama ilivyo.

Dada wa Mkonze amenyoosha mkono tangu nilipotaja bima. Tuanze naye.