Sababu za Kubadilika Anazo Mteja: Mhadhara kwa Wanasihi, Tanga

Ndugu wanasihi, mabibi na mabwana,

Njia nitakayoizungumzia leo, mahojiano ya kuhamasisha, yaani mazungumzo ya kumsaidia mteja ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, ilielezwa mwaka 1983 na William R. Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na watu waliozidiwa na pombe. Kitabu alichoandika pamoja na Stephen Rollnick kilitoka mwaka 1991. Historia na iishie hapo. Linalotuhusu ni hili: mtu mzima anayesitasita, ukimkazania aache, huanza kutetea kuendelea, na kadiri anavyoutetea msimamo huo ndivyo unavyozidi kumkaa moyoni.

Chukueni mfano wa mvuvi wa hapa Deep Sea, mwenye presha, anayekunywa mnazi kila jioni na kuruka dawa. Mnasihi, ambaye huenda ni rika la kitindamimba wake, anamwambia, "Mzee, acha pombe, itakuua." Mzee anaitikia, "Haya, mwanangu," na kliniki haonekani tena. Sisi watu wa pwani hatupendi kumkatalia mtu usoni, na ile "haya" ya adabu tunaiandika kwenye faili kana kwamba ni makubaliano.

Muulizeni hivi: "Mzee, kuanzia 0 hadi 10, kupunguza mnazi kuna umuhimu kiasi gani kwako?" Akijibu 4, wengi wetu tungeuliza mbona si 9, naye angetuorodheshea vikwazo vyote alivyo navyo. Swali lenye faida ni la upande wa pili: "Kwa nini umesema 4, hukusema 1?" Ili alijibu, hana budi kutaja sababu zake mwenyewe, kwamba siku nyingine wenzake hutweka tanga yeye bado amelala, au kwamba mjukuu humkimbia akinusa pombe. Hapo mnasihi asirukie kumpongeza wala kumpangia ratiba, bali amrudishie aliyoyasema, kwa kauli na si kwa swali: "Unaumia mjukuu akikukimbia." Kisha anyamaze. Kunyamaza huko, kwa maoni yangu, ndiko kugumu kuliko yote tunayofundishwa.

Taarifa za kitabibu hatuzifichi, ila tunaomba ruhusa kwanza: "Mzee, utaniruhusu nikueleze pombe inavyopandisha presha?" Tunaeleza kwa ufupi, kisha tunamwuliza amelipokeaje jambo hilo. Wala njia hii haifai kila saa. Mnywaji wa miaka mingi aliyeacha ghafla, akaanza kutetemeka na kuweweseka, apelekwe hospitali ya Bombo bila kuchelewa. Mazungumzo yatangoja mpaka atengemae.